Utafiti wa magonjwa ya ngozi Bukavu: mwongozo kamili, kutoka kwenye swali hadi kwenye chanzo

Kila mwaka wanafunzi wa uuguzi, wa maabara na wa udaktari hapa Bukavu huandika TFC (kazi ya kumaliza masomo ya kwanza ya chuo) na memuari juu ya magonjwa ya ngozi, na nyingi ya kazi hizo huishia kwenye sentensi moja: "Chanzo ni ukosefu wa usafi." Ukirudi nyuma kurasa zote hukuti mahali ilipothibitishwa. Imeandikwa kwa sababu mama aliyepimwa anakaa Kadutu, komuni yenye msongamano hapa mjini, nyumba yake ina vyumba viwili, na maji anayachota kwa bidoni. Huko ni kumhukumu mtu kabla ya kumchunguza, na ubaya wake ni kwamba mama huyo hupewa sabuni na mawaidha huku ugonjwa wake ukibaki palepale.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuchunguza kweli akiwa na vifaa tulivyo navyo: hadubini moja ya kituo cha afya, simu, reko (wahudumu wa afya wa kujitolea mtaani) wawili au watatu, na miezi michache. Upele, yaani gale, ugonjwa wa muwasho unaoletwa na mdudu mdogo anayechimba ndani ya ngozi, nimeufanya mfano mkuu, maana mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na nyumba zilizobanana kama zetu ndizo zinazoulisha. Utaratibu wenyewe unafaa pia kwa mapunye, ukoma au vidonda vya miguu.

Hatua ya 1: Chagua swali moja, si ugonjwa mmoja

"Magonjwa ya ngozi katika zoni ya afya ya Kadutu" ni kichwa cha habari tu. Swali ni kama hili: kati ya watoto wa miaka 5 hadi 14 wa aire fulani ya afya (eneo linalohudumiwa na kituo kimoja), wangapi wana upele leo? Au: je, mtoto anayelala kitanda kimoja na mtu anayejikuna anapata upele kuliko anayelala peke yake? La kwanza linahitaji kupita nyumba kwa nyumba. La pili linahitaji kundi la wagonjwa na kundi la wasio wagonjwa wa kulinganisha nalo. Ukiyachanganya bila mpango, utapata data isiyojibu lolote kati ya hayo mawili.

Usidanganywe na rejista ya kituo. Iko tayari, ni bure, na ndiyo maana wengi huikimbilia. Lakini ndani yake wamo waliofika tu. Mtu anayewashwa Bukavu huanza kwenye duka la dawa la jirani, au kwa anayeuza majani sokoni, na wengi huishia hapohapo. Rejista inaweza kukuambia kituo kinafanya kazi gani. Haiwezi kukuambia ugonjwa umeenea kiasi gani mtaani.

Hatua ya 2: Kubalianeni mgonjwa ni nani

Hapa ndipo kazi nyingi huvunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Nesi mmoja akiona vipele kwenye kiganja anaandika upele. Mwenzake anaandika mzio. Wa tatu anaandika fangasi. Mwisho wa siku umehesabu maoni ya manesi watatu na kuyaita takwimu za ugonjwa. Kabla ya kumgusa mtu yeyote, andika kwenye karatasi moja masharti ya kumwita mtu mgonjwa, na kila mpimaji awe nayo mkononi.

Kwa upele hatuna haja ya kubuni. Shirikisho la Kimataifa la Kudhibiti Upele lilichapisha vigezo mwaka 2020, vyenye ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni upele uliothibitishwa: mdudu, mayai yake au kinyesi chake kimeonekana kwa hadubini, au mdudu ameonekana kwa kifaa cha kukuza ngozi. Ya pili ni upele wa kitabibu: umeona vijia ambavyo mdudu huchimba, au vipele vya kawaida vya upele kwenye uume, au vipele vya kawaida sehemu za kawaida pamoja na mambo mawili ya historia, yaani muwasho na kuwa karibu na mtu mwenye muwasho au vipele kama hivyo. Ya tatu ni upele unaoshukiwa: vipele vya kawaida sehemu za kawaida na jambo moja tu la historia, au vipele visivyo vya kawaida (au sehemu isiyo ya kawaida) lakini historia zote mbili zipo. Sehemu za kawaida ni kati ya vidole, vifundo vya mikono, viwiko, makwapa, kiuno, matako, na kwa watoto wachanga hata nyayo na kichwa. Kwenye ripoti, kila ngazi iwe na safu yake.

Kuna mambo mawili ambayo vitabu vyetu haviyasisitizi vya kutosha.

La kwanza ni rangi ya ngozi. Vitabu vingi vilivyotufikia vinasema "wekundu". Kwenye ngozi nyeusi uvimbe mpya huonekana zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, na ukipona huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Asiyezoeshwa atalihesabu doa la zamani kama ugonjwa wa leo, na uvimbe wa leo atauruka. Gusa kwa vidole: kipele hai kimeinuka, doa liko bapa.

La pili ni krimu. Mitaani kwetu krimu za kung'arisha ngozi na mirija ya dawa yenye steroidi kali kama klobetasoli huuzwa bila karatasi ya daktari. Steroidi hutuliza muwasho na kufuta mipaka ya choa, ugonjwa wa fangasi wenye umbo la duara, hata duara lake lisionekane tena, huku fangasi ikiendelea kukua chini. Kwa hiyo fomu yako iulize kila mtu: umepaka nini kwenye ngozi wiki nne zilizopita? Mwombe akuletee kopo lenyewe, maana watu wengi hawajui jina wala kilichomo. Uliza bila kumwaibisha. Mama akihisi unamsema kwa kujichubua, atakuficha, na hapo umepoteza jibu muhimu kuliko yote kwenye ukurasa.

Ongeza swali kuhusu ivermektini pia. Dawa hiyo hugawiwa kwa jamii nzima dhidi ya ugonjwa wa usubi, na huua mdudu wa upele pia. Familia iliyoinywa hivi karibuni itakuonyesha upele mdogo kuliko hali ya kawaida.

Hatua ya 3: Ruhusa, na ridhaa iliyoeleweka

Utaandika itifaki, utaipeleka kwa kamati ya maadili ya chuo chako, kisha barua kwa DPS (idara ya afya ya jimbo), kwa médecin chef de zone (daktari mkuu wa zoni), na kwa infirmier titulaire (IT), yaani nesi mkuu wa kituo cha aire. Usianze na mtaa kisha ukafuata karatasi. Mkubwa wa avenyu, yaani wa mtaa, naye apewe taarifa kabla reko hawajapita.

Wapo wanaoona kamati ya maadili ni kupoteza muda. Wakumbuke Gerhard Armauer Hansen wa Bergen, Norway, aliyegundua bakteria wa ukoma mwaka 1873. Mwaka 1879 alimchoma mwanamke mmoja jichoni kwa vitu vilivyotoka kwa mgonjwa wa ukoma, bila ridhaa yake, ili athibitishe kuwa ugonjwa huambukiza. Alishtakiwa, na mwaka 1880 mahakama ikamwondoa kwenye nafasi yake hospitalini. Kuhusu bakteria alikuwa sahihi. Hilo halikumpa haki juu ya jicho la mtu.

Ridhaa isomwe kwa Kiswahili cha mtaani, na kwa wazee kwa Mashi au lugha wanayoielewa, hata kama fomu ya chuo iko kwa Kifaransa. Ijaribu kwanza kwa watu wachache wasio ndani ya utafiti. Swali kama "Je, kuna mwanakaya mwenye pruritasi?" halina jibu Kadutu. "Mu nyumba kuko mutu mwengine mwenye anajikunaka?" lina jibu papo hapo. Kwa mtoto, mzazi aridhie na mtoto mwenyewe akubali. Picha zipigwe bila uso, zihifadhiwe kwa namba, na zisipitie WhatsApp ya mtu yeyote. Hili la mwisho nalisema kwa uzito: picha ya tumbo la binti wa mtu haina kazi kwenye kundi la wanafunzi.

Hatua ya 4: Watu wangapi, na akina nani

Fomula ya kawaida ni 1.96 × 1.96 × p × (1 − p) ÷ (d × d), ambapo p ni kiwango unachotarajia na d ni kosa unalolikubali. Ukitarajia asilimia 20 na kukubali kosa la asilimia 5 juu au chini, unapata watu 246. Wengi husimama hapo, na ni mapema. Upele huingia nyumba nzima: watu watano wa nyumba moja si mashahidi watano wanaojitegemea. Kwa hiyo zidisha kwa athari ya makundi. Kwa kawaida huanzwa na 2, ambayo inakupa 492. Ukiacha nafasi ya asilimia 10 watakaokataa au kukosekana, gawanya kwa 0.9, unafika 547. Kama huwezi kuwafikia hao, punguza swali lako. Usifiche udogo wa idadi.

Kuchagua nyumba ndiyo sehemu inayochosha, na hapo ndipo uaminifu wa kazi ulipo. Pata kwa IT orodha ya avenyu na idadi ya watu, piga kura avenyu, kisha piga kura nyumba kutoka kwenye orodha ya kila avenyu. Kadutu iko mteremkoni. Nyumba za kando ya barabara ndizo rahisi kufika, na hao si sawa na wanaokaa chini kabisa ambako unafika kwa ngazi za udongo. Ukifuata barabara, umewaacha maskini nje ya hesabu yako. Nyumba ikiwa imefungwa, rudi siku nyingine, tena jioni au Jumamosi watoto wakiwa wametoka shule. Usichukue jirani badala yake.

Hatua ya 5: Kupima

Pima kwenye mwanga wa mchana, karibu na dirisha, mahali pasipopitwa na watu. Anza na mikono, shuka kwenye miguu, kisha kiwiliwili. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kuangalia mikono, nyayo na miguu chini ya goti peke yake kunanasa zaidi ya asilimia 90 ya visa vya upele. Hivyo kwa uchunguzi wa mtaani hakuna haja ya kumvua kila mtu nguo. Sehemu za siri ziangaliwe pale tu zinapohitajika, na mpimaji wa jinsia moja na anayepimwa, mtu akiwa na uhuru wa kukataa.

Kabla ya kuanza kazi yenyewe, wapimaji wawili wapime watu 30 wale wale, kila mmoja peke yake, bila kuonyeshana. Linganisha majibu kwa kipimo cha kapa, namba inayoonyesha mmekubaliana kiasi gani (1 ni kukubaliana kabisa). Kikiwa chini ya 0.6, rudini kwenye karatasi ya hatua ya 2 mjadili mlipotofautiana, kisha mpime tena. Hatua hii huachwa na karibu kila mtu kwa sababu hakuna anayeiuliza siku ya kutetea kazi. Ifanye hata hivyo.

Na kuna tahadhari moja inayotuhusu sisi wa Kivu ya Kusini hasa. Mlipuko wa mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta malengelenge, wa aina ya Ib ulijitokeza Kamituga mwaka 2023, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Mtu mwenye homa, tezi zilizovimba na malengelenge, hasa viganjani, nyayoni au sehemu za siri, si wa fomu yako ya upele. Vaa glavu na barakoa, mtenge, mjulishe IT siku hiyohiyo. Usijaribu kuamua kwa macho kama ni mpox au tetekuwanga. PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta chembe za urithi za virusi, ndiyo itakayoamua.

Hatua ya 6: Sampuli

Upele: tafuta kijia kipya. Kisipoonekana vizuri, paka wino wa kalamu juu ya kipele, futa kwa pombe, na wino utabaki ndani ya kijia kama mstari mwembamba uliopinda. Weka tone la mafuta ya madini, kwangua kwa ubavu wa wembe hadi karibu damu ionekane, hamishia kwenye kioo, angalia kwa lensi ndogo. Tumia mafuta, si potasi (KOH), kwa sababu potasi huyeyusha kinyesi cha mdudu ambacho nacho ni ushahidi. Usivunjike moyo usipoona kitu: mgonjwa wa kawaida hubeba wadudu 10 hadi 15 tu mwili mzima. Kioo kitupu hakimwondoi mtu kwenye ugonjwa.

Fangasi: safisha kwa pombe, kwangua ukingo wa duara wala si katikati, na kwa mapunye chukua nywele zilizokatika pamoja na magamba. Hifadhi kwenye karatasi kavu iliyokunjwa. Chupa ya plastiki iliyofungwa hushika unyevu na bakteria huharibu kila kitu. Kwa hadubini tumia potasi ya asilimia 10 hadi 20, subiri dakika 10 hadi 15. Kumbuka taa ya Wood, yenye mwanga wa urujuanimno, hung'aza kijani baadhi ya fangasi wa Microsporum, lakini fangasi wa Trichophyton violaceum hawang'ai. Taa isipong'aa haijasema kwamba hakuna ugonjwa.

Ukoma: gusa doa lililofifia kwa pamba iliyosokotwa, mgonjwa akiwa amefumba macho. Asipohisi, mpeleke kwa msimamizi wa kifua kikuu na ukoma wa zoni. Dawa zake ni bure.

Mpox: kazi ya timu ya zoni. Sampuli husuguliwa kwa nguvu kutoka kwenye vidonda na huwekwa baridini, nyuzi 2 hadi 8, ndani ya saa moja.

Hatua ya 7: Kutafuta chanzo

Sasa turudi kwenye "ukosefu wa usafi". Mdudu wa upele, Sarcoptes scabiei, amekaa ndani ya tabaka la juu la ngozi, kwenye kijia alichochimba, ambako sabuni haimfikii. Jike hutaga mayai mawili au matatu kwa siku, na hupita kwa mtu mwingine ngozi ikigusana na ngozi kwa muda. Mwili ukiambukizwa mara ya kwanza huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuwashwa. Mtu anaoga kila siku, hana dalili, na tayari anaambukiza wanaolala naye. Usafi una kazi yake: hupunguza bakteria wanaoingia kwenye michubuko, Staphylococcus aureus na Streptococcus pyogenes, ambao wanaweza kuleta majipu, na huyo wa pili hata kuumiza figo. Lakini hiyo ni sura ya pili ya ugonjwa.

Chukulia, kwa namba za mfano tu, una watoto 80 wenye upele na 80 wasio nao. Kati ya wagonjwa, 60 hulala zaidi ya wawili kitandani. Kati ya wasio wagonjwa, 40. Uwiano wa uwezekano (odds ratio), unaolinganisha makundi hayo mawili, ni (60 × 40) ÷ (20 × 40), yaani 3. Hapo usikimbilie kuandika "chanzo". Jiulize mambo matatu.

Kipi kilitangulia? Ukikuta wenye muwasho wanapaka krimu zaidi ya wengine, huenda krimu haikuwaletea muwasho. Huenda muwasho ndio uliowapeleka kwenye krimu. Uliza tarehe: krimu ilianza lini, muwasho lini. Tumia matukio wanayoyakumbuka, kama Noeli, mwanzo wa masomo au msiba.

Je, kuna sababu ya tatu nyuma ya zote mbili? Nyumba isiyo na bomba mara nyingi ndiyo hiyohiyo yenye watu wengi chumbani, na siku hizi pia ndiyo iliyopokea ndugu waliokimbia vita. Ukilinganisha maji peke yake, maji yataonekana ndiyo yenye hatia. Gawa data yako: kwanza nyumba zenye msongamano peke yake, kisha zisizo nao. Kama tofauti ya maji inatoweka ndani ya kila kundi, maji hayakuwa chanzo.

Ukiondoa kinachoshukiwa, ugonjwa unapungua? Fiji walifanya hivyo: katika visiwa ambako watu wote walipewa ivermektini, kiwango cha upele kilishuka kutoka asilimia 32.1 hadi 1.9 kwa mwaka mmoja, kama ilivyochapishwa mwaka 2015. Hawakubadilisha nyumba wala mabomba. Walimshambulia mdudu kwa watu wote kwa pamoja.

Na uwe na subira na usichokijua. Uvimbe wa Kaposi, aina ya saratani inayoonekana kwenye ngozi, ulielezwa mwaka 1872, na ukanda wetu wa Maziwa Makuu uliufahamu kabla ya UKIMWI. Virusi vinavyouleta viligunduliwa mwaka 1994. Katika miaka hiyo yote zaidi ya mia moja, waliosaidia ni wale waliorekodi kwa uangalifu ni nani anaugua, wapi, na umri gani. Vivyo hivyo kwa miguu inayovimba ya wakulima wanaotembea peku kwenye udongo mwekundu wa volkeno: watu waliulaumu mnyoo wa matende hadi Ernest Price alipoufuatilia udongo wenyewe huko Ethiopia. Ukipata vipimo vya mnyoo havina kitu, andika hivyo, na uliza juu ya viatu na udongo.

Hatua ya 8: Tibu, kisha rudisha majibu

Bajeti ya dawa iandikwe siku ileile ya bajeti ya karatasi. Kumwangalia mtoto anayejikuna usiku kucha, kumwandika namba na kuondoka ni kosa, hata kama kamati haikukuuliza.

Tibu nyumba nzima siku moja, wenye dalili na wasio nazo. Permetrini ya asilimia 5 hupakwa mwili mzima, hukaa saa 8 hadi 14, na hurudiwa baada ya wiki moja. Ivermektini ni mikrogramu 200 kwa kila kilo, dozi mbili zilizoachana siku 7 hadi 14. Mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 3. Mtoto chini ya kilo 15 na mama mjamzito wasipewe ivermektini. Mtu aliyekaa maeneo ya misitu yenye mnyoo wa Loa loa apelekwe kwanza kwa daktari, maana dawa hii inaweza kumdhuru ubongo. Nguo na mashuka zifuliwe kwa maji ya moto, au zifungwe ndani ya mfuko kwa saa 72.

Data ingiza kwenye KoBoToolbox, programu ya kukusanyia data kwa simu, siku ileile, wakati bado unamkumbuka aliyeandika 7 inayofanana na 1. Kwenye ripoti, andika walikataa wangapi na nyumba ngapi zilikuwa zimefungwa.

Kabla ya kutetea kazi chuoni, rudi kwenye avenyu. Waite watu kupitia mkubwa wa avenyu na reko, waeleze kwa Kiswahili mlichokikuta, bila kutaja nyumba ya mtu. Muachie IT ukurasa mmoja: wangapi wana upele, umri upi zaidi, nini kinahusiana nao, na kwa siri yake, orodha ya familia ambazo hazijarudi kuchukua dozi ya pili.